Kadi ya Kila Mwaka

Kingstanding, Birmingham
19 Januari 2025

Shangazi yangu Brigid,

Salamu nyingi kutoka kwetu wawili. Njoroge yuko dirishani anailaani theluji kwa Kikuyu, maana basi analoendesha linamngoja na barabara zimeganda. Tu wazima, hita inafanya kazi, na Jumamosi nilipata sukuma wiki ya kweli sokoni, si yale majani ya hapa yanayojifanya sukuma. Dahir wa mama Saido anakusalimu. Anaendesha teksi hapa, amenenepa, na bado tunacheka jinsi mama yake alivyokuwa akitufukuza kwenye baraza la duka lao tulipokuwa sekondari. Nilimwambia Njoroge kwamba ningeolewa na Dahir ningekula pilau kila siku. Hakucheka sana.

Sasa keti. Nina mimba ya miezi mitatu. Ndiyo, mimi, baada ya miaka yote ile ya kuambiwa nisubiri. Naogopa kuandika sentensi hii na nimeiandika.

Kazi nayo nimebadilisha. Nimetoka wodini, sasa niko kwenye utafiti, ofisi yetu iko Edgbaston karibu na chuo kikuu. Kuna watoto waliozaliwa katika wiki moja ileile, miaka ya sitini mwanzoni, na tangu siku hiyo watafiti hawajawaacha. Waliwapima wakiwa wachanga, wakawatembelea shuleni, wakawauliza habari za kazi, ndoa, maradhi. Leo wana mvi, nami ndiye ninayebisha hodi kwao na kipimo cha presha mkobani. Wanataka kujua utoto wa mtu unamfuata mpaka wapi.

Wa kwanza niliyemtembelea anakaa karibu na kwetu, anaitwa Kamla. Baba yake alitoka Punjab akafanya kazi kiwanda cha chuma. Alilelewa katika chumba chenye ukungu ukutani, na mapafu yake mpaka leo yanakohoa kwa sababu ya chumba kile. Nilimwomba asimame kwa mguu mmoja, macho amefumba. Alivua ndara akasimama katikati ya sebule, akaniuliza kama nataka abaki hivyo mpaka chai iive. Halafu akanionyesha mkebe wa biskuti. Kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, utafiti humtumia kadi, naye anazo zote.

“Mume wangu alisahau mara mbili,” aliniambia. “Hawa hawajasahau hata mara moja.”

Shangazi, nawaheshimu sana walioanzisha kazi hii. Wengi wamekufa. Walipima vichwa vya watoto wakijua kwamba jibu lenyewe litasomwa na mtu mwingine. Na nikamwonea Kamla wivu kidogo, maana kwetu hakukuwa na mambo ya bathdei. Siku yangu ulikuwa unakwenda misa ya asubuhi, unarudi huna maneno, nami nadhani umesahau.

Hapa kuna utafiti mpya pia, wa watoto ambao bado hawajazaliwa. Nimejiandikisha na huyu wa tumboni. Wanauliza habari za mama mjamzito mwenyewe: nilizaliwa na uzito gani, nilinyonya nini, mama yangu aliumwa nini. Mimi najua tu alishikwa na homa akafa nikiwa mchanga. Baba hazungumzii habari hizo, kwa hiyo wa kuulizwa ni wewe peke yako. Niandikie.

Wako uliyemlea,
Jemima


Njoro
23 Februari 2025

Jemima,

Barua yako ilikuja kwa mkono wa yule mwanakwaya wenu aliyerudi kumzika baba yake, ikakaa kwake wiki kadhaa, nami sikuweza kumkimbiza mtu mwenye msiba. Usinilaumu kwamba sipigi simu. Simu yangu ina mtaa mzima ndani yake. Ukisalimia, jirani anaitika.

Huku hatujambo. Mvua bado. Ng'ombe amezaa ndama wa kike, mweusi, mkaidi, nimempa jina lako. Tangu nistaafu, padri ameona kwamba sina kazi, kwa hiyo nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya bila kuulizwa. Baba yako Kipchumba anaendelea vizuri Kericho, goti tu linamsumbua. Mama Saido amefurahi kusikia habari za Dahir, ila amesema kunenepa huko ni kwa sababu hana mke wa kumwambia ukweli.

Habari yako niliisoma, nikatoka nje nikawaambia ng'ombe kwanza, maana wao hawasambazi. Nimefurahi mpaka nikakosa la kufanya, nikafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Usinunue nguo za mtoto mapema. Usiweke picha ya tumbo kwenye simu. Kula maini.

Kazi yako ni ya heshima. Nimefundisha watoto miaka yote hii, wakaondoka darasa la nane, na wengi sikujua walifikia wapi. Kumfuata mtoto mpaka awe na mvi, na kumtumia kadi, ningependa kuwapa mkono watu hao. Mwambie Kamla nimemsalimu na asifumbe macho karibu na meza ya kioo.

Kuhusu maswali yako: ulizaliwa na uzito wa kutosha kunichosha mkono, na ulinyonya ulichopewa. Waandikie hivyo.

Shangazi yako,
Brigid


Kingstanding, Birmingham
16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Asante kwa barua, na asante kwa ndama. Njoroge amefurahi zaidi kwamba mkaidi mwenzangu amepatikana. Theluji imekwisha, maua ya manjano yametokea kando ya barabara, na kanisani wananipa kiti kabla sijakitafuta ingawa sijamwambia mtu. Sijui wanawake wa Kenya wanajuaje.

Juzi nilikuwa Moseley kwa bwana mmoja aliyezaliwa wiki ileile na Kamla. Nyumba ya ghorofa tatu, piano, baba yake alikuwa daktari. Presha yake ni ya kijana. Ukiweka habari zake kando ya za Kamla unaona wazi nani alilala pakavu. Ndicho kinachonishika katika kazi hii. Hakuna anayemlaumu mtu, lakini mwili unaeleza wenyewe ulikotoka. Kisha unamkumbuka Kamla na mguu wake mmoja, unaona pia kwamba si kila kitu kimeamuliwa mapema.

Nakuandikia hivi kwa sababu presha yangu imepanda. Usishtuke, wananipa dawa. Mkunga aliniuliza tena kuhusu mama yangu. Umri wangu huu na presha hii, Shangazi, naogopa kumpoteza mtoto. Njoroge akasema, “Babe, si uulize tu direct? Huyo ni mwalimu, maswali ndiyo kazi yake.”

Basi nauliza kama mwanafunzi. Mama aliumwa nini hasa? Nilinyonya maziwa gani? Na utafiti unauliza hili pia: nilipokuwa mdogo, kuliwahi kuwa na siku nyumba yetu haina chakula? Wewe uliyechelewa kwenda chuo cha ualimu miaka saba kwa kupenda usingizi, kama unavyotuambia kila Krismasi, usilalie barua hii.

Wako,
Jemima


Njoro
27 Aprili 2025

Jemima,

Pasaka imepita salama. Mvua imekuja, tumepanda. Ndama amefunguliwa kamba.

Umeniuliza kama nyumba yangu iliwahi kukosa chakula. Hukuwahi kulala njaa kwangu. Kama watu wa Birmingham hawaamini, wanaweza kuja kupima sufuria zangu.

Kunywa dawa unazopewa. Lala kwa ubavu wa kushoto. Namwombea mtoto kila siku.

Brigid


Kingstanding, Birmingham
18 Mei 2025

Shangazi yangu,

Barua yako niliisoma kwenye ngazi, nikalia, halafu nikaisoma tena nikaona nilistahili. Nisamehe. Mtu aliyekulea humuulizi alikupa nini ukale, hata kama karatasi ya kizungu imeuliza kwanza. Hilo ulinifundisha mwenyewe na nililijua kabla ya kuja huku.

Tuko salama. Njoroge amepaka chumba kidogo rangi na amepaka na kapeti. Mtoto anacheza, hasa nikila pilipili.

Nimwache mtoto, nikueleze jambo la Kamla. Nilikwenda kwake tena, akaniambia kwamba alipokuwa na miaka saba walimtembelea watu wa utafiti, wakamuuliza mama yake kama watoto hunywa chai na kula asubuhi. Mama yake akasema ndiyo, kila siku. Hakukuwa na kitu. Aliogopa kwamba wazungu wakijua watamchukulia watoto wake. Wakaandika ndiyo. Jibu lile likakaa kwenye utafiti mpaka Kamla akawa mtu mzima, mama yake ameshakufa, ndipo akawaambia kwamba asubuhi zile alikwenda shule na maji tu.

Nilimuuliza kama alimkasirikia mama yake kwa uongo ule. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. Alisema mama yake alikuwa amesimama mlangoni amevaa sari yake nzuri kuliko zote kwa ajili ya wageni wale, na kwamba yeye hajawahi kuona mtu shujaa kama huyo. Lakini alisahihisha, akasema, kwa sababu wajukuu wa mama yake wanahitaji ukweli kuliko bibi yao anavyohitaji kulindwa.

Nilitembea kurudi nyumbani nikikufikiria wewe. Ikiwa kulikuwa na njaa na hutaki kusema, basi. Sitauliza tena. Nimekua, nina afya, nina kazi, nina mume anayepaka kapeti rangi, na haya yote yalitoka mikononi mwako. Hilo silihitaji kipimo.

Mkunga amejaza habari za mama. Nilimwambia alikufa kwa homa. Ameandika homa.

Nakupenda,
Jemima


Njoro
5 Juni 2025

Jemima wangu,

Barua hii haisubiri mwanakwaya wala posta. Naandika, kisha naipeleka kwa karani wa parokia aipige picha na kuituma kwa simu ya Njoroge. Nimemwambia afumbe macho akiipiga. Njoroge, ukiipata, mpe mke wako akiwa ameketi, na usitoke chumbani.

Hatujambo sote. Sina salamu nyingine leo.

Si homa. Waambie wafute.

Ulinielewa vibaya, nami nilikuacha unielewe vibaya kwa sababu ilinifaa. Swali la chakula lilinikera, ndiyo, lakini lile nililokuwa nikilikwepa ni lingine. Kwetu mwenye mimba haelezwi habari za mwanamke aliyefia uzazi. Hata msibani hapelekwi. Mama yangu alinifundisha hivyo, na nilipokuwa mwalimu mkuu niliwatuma walimu wajawazito nje ya ofisi mazungumzo yakifika huko. Sasa ulikuwa unaniuliza wewe, ukiwa na presha, kuhusu mama yako Gathoni. Mkono ulikataa. Nilijiambia nitakueleza ukishajifungua. Kisha nikasoma kwamba mkunga ameandika homa, nikaona ninafanya kama mama yake Kamla, bila sari.

Mama yako alikuwa na presha ya mimba. Miguu ilimvimba mwezi wa nane, akalalamika kichwa, akasema anaona vimulimuli. Tulidhani ni uchovu. Ulizaliwa tarehe ishirini Septemba, ukalia vizuri. Usiku huo huo alishikwa na kifafa cha mimba. Hospitali ilikuwa mbali na gari la kukodi lilikwama kwenye matope ya Mau Narok. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa mpaka kaka yangu anaona aibu kanisani. Alinifundisha kusuka. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wa ndugu yangu, na ni mimi niliyewakutanisha.

Waambie hayo yote leo. Miguu, kichwa, vimulimuli, kifafa. Waambie kwa mpangilio huo.

Kuhusu maziwa: mama Saido alikuwa na Dahir wa miezi miwili. Alikuja mwenyewe kabla ya kuitwa, akakaa kwenye kitanda changu, akakuchukua. Alikunyonyesha mwaka mzima, wewe upande mmoja, Dahir upande wa pili. Kwa hiyo Dahir ni ndugu yako kabisa kwa dini yao, hamwezi kuoana, na ndiyo maana mama yake alikuwa anawafukuza barazani. Alitaka kuwaambia, nikamwomba asiseme, kwa sababu angeanza na maziwa angefika kwa Gathoni. Mpe Njoroge pole kwa wivu wake wa pilau.

Uzito wako ulikuwa kilo mbili na nusu. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekubeba hadi kwenye mizani.

Na siku zako za kuzaliwa sikuzisahau hata moja. Nilikuwa nakwenda kumwombea Gathoni. Sikuweza kurudi kutoka huko na kupika keki.

Nenda hospitali.

Shangazi yako


Kingstanding, Birmingham
20 Julai 2025

Shangazi,

Yuko hapa. Ni msichana. Amelala juu ya kifua changu ninavyoandika, ndiyo maana mwandiko umepinda. Mimi mzima, yeye mzima, Njoroge ndiye anayeonekana kama aliyefanyiwa upasuaji.

Ulisema niende, nikaenda siku ileile. Njoroge alinisomea barua yako jikoni, nikiwa nimeketi kama ulivyoagiza, na akashindwa kuimaliza, nikamalizia mwenyewe. Daktari aliposikia habari za mama yangu alibadilisha kila kitu. Walianza kuniona mara mbili kwa wiki. Mwisho wa Juni, nikiwa nafunga viatu, niliona vimulimuli. Ningekuwa sijui, ningefunga kiatu cha pili nikaenda kazini. Nilijua. Nilimpigia Dahir kwa sababu Njoroge alikuwa zamu, akaja na teksi yake na kunifikisha hospitali kabla sijamaliza kumweleza. Presha ilikuwa imepanda kiasi cha kuwafanya wauguzi wakimbie, nawe unajua muuguzi hakimbii ovyo. Wakamtoa mtoto jioni ile. Kilo mbili na robo. Alilia vizuri.

Dahir alibaki kwenye korido mpaka mwisho. Nilipomwambia kuhusu maziwa akasema, “Kumbe hoyo alikuwa anajua hesabu yake.” Hoyo ndivyo anavyomwita mama yake. Sasa anajiita mjomba na amekwisha kumpigia mama Saido, wamelia wote wawili.

Tumemwita Gathoni. Najua kwa mila ya kina Njoroge mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba. Njoroge alimpigia mama yake, akamsomea sehemu ya barua yako. Mama yake alisema atangojea zamu, huyu ana haki ya kutangulia.

Kamla amekuja kumwona. Amesimama kwa mguu mmoja kumchekesha. Huyu Gathoni naye yuko kwenye utafiti tayari, watamfuata mpaka awe bibi, na mimi sitakuwepo kuona jibu. Nimeshawaambia kuhusu bibi yake, na kuhusu mama Saido, na walipouliza nani alinilea na kama alikuwa na shughuli nyingine wakati huo, nikakumbuka kitu. Septemba, Shangazi. Chuo kilifunguliwa Septemba ile niliyozaliwa. Hukuwahi kupenda usingizi. Ulikuwa unaamka kabla ya jogoo. Miaka saba ile ni mimi.

Nimefanya kazi miezi hii nikistaajabia watu waliofuata watoto wa wengine maisha yao yote, nikaandika kwamba nawaheshimu, na barua nikaituma kwako.

Nina ombi moja. Nilipokuwa mdogo ulinikataza kukuita mama. Ulisema mama yangu ana jina lake. Nimekuelewa sasa. Lakini huyu mama yake ni mimi, na jina la Gathoni analo yeye mwenyewe. Yeye akuite nani?

Wako,
Jemima


Njoro
9 Septemba 2025

Jemima,

Hii ni kadi, kama unavyoona. Karani wa parokia aliniletea kutoka Nakuru, ina picha ya sungura, eti zilikuwa zimebaki hizo tu. Naituma mapema ifike tarehe ishirini. Nitakwenda misa asubuhi kama kawaida. Halafu nitarudi na kupika keki, mama Saido amesema atanisaidia kwa sababu haniamini na tanuri, na tutaila sisi wawili kwa niaba yako.

Unafikisha thelathini na nane. Gathoni wa kwanza hakufika huko. Fika huko vizuri, endelea.

Kadi nyingine, ile ndogo, ni ya mtoto. Mwekee kwenye mkebe. Nitamtumia kila mwaka nikiwa hai.

Nyanya yake,
Brigid